Ukurasa wa Kikundi Unaopiga Hesabu ya Mkopo

Tukitembelea vikundi vya Migori na Homa Bay siku hizi, mara kwa mara tunaonyeshwa ukurasa wa kikundi kwenye intaneti. Kwa kawaida ni kazi ya mtoto wa mwanachama anayesomea chuo cha ufundi. Kuna picha ya akina mama wamevaa sare, kuna orodha ya vitu vya kuuza, omena, njugu, viazi vitamu vya Kabondo, na chini kabisa kuna nambari ya simu ya katibu. Ni kazi nzuri na tunaipongeza. Lakini ukurasa wa aina hiyo ni kama bango lililobandikwa ukutani. Umesoma, umemaliza, unaenda zako.

Safari hii tungependa kueleza jinsi ukurasa huo unavyoweza kufanya kazi ndogo ndogo, hasa ile inayoleta maneno mengi katika vikundi vyetu, yaani kupiga hesabu ya mkopo na riba. Chombo cha kazi hiyo kinaitwa JavaScript. Hapana kuogopa jina. Sisi wenyewe si wataalamu wa kompyuta. Tulisomea ustawi wa jamii, na haya tumejifunza kwa kukaa kando ya vijana na kukosea pamoja nao.

JavaScript ni nini

Ukurasa wa tovuti huandikwa kwa lugha ya HTML. Hiyo HTML husema tu mahali pa vitu: hapa pana kichwa, hapa pana picha, hapa pana kisanduku cha kuandikia. JavaScript ni maagizo ya kutenda: mtu akibonyeza kitufe hiki, chukua nambari aliyoandika, izidishe, kisha andika jibu pale chini. Maagizo husomwa na ile programu ya kufungulia tovuti, kama Chrome au Firefox, ndani ya simu au kompyuta ya msomaji mwenyewe. Hakuna leseni ya kununua wala ruhusa ya kuomba. Ukiwa na kompyuta yenye Notepad unaweza kuanza leo, hata kama bando limekwisha.

Lugha hii ilibuniwa mwaka 1995 na Brendan Eich, aliyekuwa akifanya kazi katika kampuni ya Netscape huko Marekani. Toleo la kwanza aliliandika kwa siku 10 tu mwezi wa Mei. Iliitwa Mocha, halafu LiveScript, na mwezi wa Desemba ikapewa jina la JavaScript kwa kuwa lugha nyingine, Java, ilikuwa ikisifiwa sana wakati huo. Ni lugha mbili tofauti, kwa hivyo kijana akisema anajua Java, muulize tena. Mwaka huo wa 1995 Jimbo letu la Homa Bay lilikuwa na umri wa miaka miwili tu, na majarida ya vijijini kama haya yalikuwa yakipigwa taipu.

Deni la milioni tano

Kuna kikundi kimoja cha akina mama si mbali na Rongo. Wana benki ya mezani, na hukutana kila wiki mbili chini ya mwembe. Mwenyekiti alituuliza: "Huu ukurasa wetu, hauwezi kumwambia mtu atalipa ngapi kabla hajakopa?" Swali hilo lilikuwa na sababu yake, na tutalieleza baadaye. Basi tukakaa na kijana wao, tukaandika maagizo. Haya hapa, jinsi yalivyo baada ya kusahihishwa:

<p>Mkopo: <input id="mkopo" type="number"></p>
<p>Miezi: <input id="miezi" type="number"></p>
<button onclick="hesabu()">Piga hesabu</button>
<p id="jibu"></p>
<script>
function hesabu() {
  let mkopo = Number(document.getElementById("mkopo").value);
  let miezi = Number(document.getElementById("miezi").value);
  let riba = mkopo * 10 / 100 * miezi;
  let jumla = mkopo + riba;
  document.getElementById("jibu").innerHTML = "Utalipa shilingi " + jumla;
}
</script>

Andika yote kwenye Notepad, hifadhi kwa jina la mkopo.html, kisha lifungue faili hilo kwa Chrome. Alama zote ziwe kama zilivyo hapa. Mabano moja yakisahaulika, kitufe kinanyamaza tu bila kukuambia kisa.

Maana yake ni hii. Mistari miwili ya kwanza inatengeneza visanduku viwili, kimoja cha mkopo na kimoja cha miezi. Wa tatu ni kitufe. Wa nne ni nafasi tupu inayongoja jibu. Baada ya hapo ndipo JavaScript inapoanza. Neno function ni kama kusema "kazi yenyewe ni hii", na kazi tumeipa jina la hesabu. Majina ya mkopo, miezi, riba na jumla tumeyachagua sisi; kompyuta haijali kama ni Kiswahili au Dholuo, mradi yaandikwe vile vile kila mahali. Alama ya nyota ni ya kuzidisha, na ya mkwaju ni ya kugawanya. Kikundi hiki kinatoza asilimia 10 kwa mwezi, ndiyo maana mnaona 10 / 100.

Sasa, kosa letu. Mara ya kwanza hatukuandika lile neno Number. Siku ya mkutano tukaweka kompyuta juu ya meza, mama mmoja akaandika mkopo wa 5000, mwezi mmoja, akabonyeza. Jibu likatoka: Utalipa shilingi 5000500. Mama mzee aliyekaa nyuma akauliza kama hilo ni deni la kununulia basi. Watu walicheka sana, na sisi tulicheka, lakini kwa aibu.

Kumbe chochote mtu anachoandika kwenye kisanduku huchukuliwa kwanza kama maneno, hata kikiwa tarakimu. Alama ya kujumlisha nayo ina kazi mbili. Ikiwa katikati ya nambari, inajumlisha. Ikiwa katikati ya maneno, inaunganisha, kama "Homa" na "Bay" kuwa HomaBay. Kompyuta ikachukua neno 5000, ikabandika 500 mbele yake. Kilichotuchanganya zaidi ni kwamba riba yenyewe ilikuwa sahihi, shilingi 500, kwa sababu alama ya kuzidisha ina kazi moja tu na ikiona tarakimu inazifanya nambari yenyewe. Kwa hivyo tulipojaribu riba peke yake nyumbani tuliona iko sawa, tukaridhika. Hatukujaribu jumla. Neno Number linaiambia kompyuta: hii ni nambari, ihesabu.

Kuna shimo lingine ambalo tuligundua baadaye. Mtu akisahau kuandika miezi, kompyuta inachukua sifuri, na jibu linasema mkopo wa 5000 unalipwa 5000. Mtu anaweza kuenda nyumbani akiamini kikundi kimeondoa riba! Ongezeni maagizo haya juu ya ule mstari wa riba:

  if (mkopo < 1 || miezi < 1) {
    document.getElementById("jibu").innerHTML = "Tafadhali andika mkopo na miezi.";
    return;
  }

Zile fimbo mbili || maana yake ni "au", na return maana yake ni "ishia hapo". Na waambieni wanachama waandike 5000 bila koma.

Kanuni ipi?

Tulifikiri tumemaliza. Siku ile ile, kosa likiwa limesahihishwa, mwanachama mwingine akaandika 3000 kwa miezi mitatu. Jibu: 3900. Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Mimi nililipa 3600."

Hapo mkutano ukachemka. Mweka hazina wa sasa alisema 3900 ndiyo sawa: asilimia 10 ya 3000 ni 300, mara miezi mitatu ni 900. Aliyekuwa mweka hazina kabla yake naye akasimama akasema, hapana, sisi tulikuwa tunatoza riba kwa deni lililobaki. Mwezi wa kwanza unadaiwa 3000, riba ni 300. Ukilipa 1000 pamoja na riba hiyo, mwezi wa pili unadaiwa 2000, riba ni 200. Mwezi wa tatu unadaiwa 1000, riba ni 100. Jumla ya riba ni 600.

Wote wawili walikuwa wanasema ukweli, na wote wawili walikuwa wameandika asilimia 10 kwenye vitabu. Katibu akafungua katiba ya kikundi akaisoma kwa sauti. Ilisema "riba itakuwa asilimia kumi", na nukta. Haikusema ya nini.

Tofauti ya shilingi 300 mtu anaweza kuidharau. Lakini chukueni mkopo wa 6000 kwa miezi sita. Kwa njia ya kwanza riba ni 3600. Kwa njia ya pili ni 2100. Hiyo ni tofauti ya 1500, na kwa mama anayeuza omena kwa vikombe hiyo ni pesa ya kuweka mtoto shuleni. Tena kuna mwanachama aliyetoka kikundini mwaka mmoja kabla, akisema amedhulumiwa 300. Watu walimwona mkorofi. Yeye na jirani yake walikuwa wamekopa 3000 kila mmoja, kwa miezi ile ile mitatu, chini ya waweka hazina wawili tofauti, na jirani alilipa 3600 naye akalipa 3900. Ndiyo sababu ya lile swali la mwenyekiti tuliloanza nalo.

Hatukuweza kuandika mstari mwingine mpaka akina mama waamue. Mtu na mtu wanaweza kuelewana nusu nusu miaka mingi, kila mmoja akiwa na maana yake kichwani. Kompyuta haikubali hivyo. Inataka kuambiwa zidisha nini kwa nini. Kwa maoni yetu hiyo ndiyo faida kubwa iliyopatikana katika kazi yote hii, na ingepatikana hata kama ile kompyuta ingeharibika jioni hiyo.

Ilichukua mikutano mitatu. Wakakubali riba ya deni linalobaki, wakaiandika kwenye katiba pamoja na mfano wa 3000 ili asije mtu akaitafsiri upya, na wote wakatia sahihi. Kwenye ukurasa, badiliko lilikuwa mstari mmoja tu:

  let riba = mkopo * 10 / 100 * (miezi + 1) / 2;

Kanuni hii inafaa pale mwanachama anapolipa mkopo kwa mafungu yaliyo sawa kila mwezi. Mkitaka kuihakikisha, tumieni 3000 na miezi mitatu: 300 mara 4 ni 1200, gawanya kwa 2, ni 600. Mtu akilipa mafungu yasiyo sawa, kanuni haimfai, na mweka hazina ampigie hesabu kwa kalamu.

Kikundi kilimrudishia yule mama 300 zake. Wazee wawili wa kikundi walimpelekea nyumbani. Alipokea, akashukuru, lakini hajarudi kikundini.

Saa, siku na simu

Vijana wengi wanapenda ukurasa uwasalimie wageni. Ni jambo jepesi. Maagizo new Date().getHours() yanaleta saa iliyo kwenye simu ya msomaji, na mnaweza kusema: ikiwa bado ni asubuhi andika "Oyawore", ikiwa ni jioni andika "Oimore". (Kwa Migori, ambako kuna Wajaluo, Wakuria na wengine wengi, Kiswahili ni salama zaidi.) Lakini kijana mmoja aliandika salamu ya asubuhi ikome saa ikifika 6, akifikiria saa sita mchana. Kompyuta inaanza kuhesabu saa usiku wa manane. Saa mbili asubuhi kwake ni 8, saa sita mchana ni 12, saa kumi jioni ni 16. Salamu yake ya asubuhi ilikuwa inakoma kabla jua halijatoka. Siku za juma nazo, kwa maagizo ya getDay(), zinaanza na Jumapili ikiwa 0, kwa hivyo soko la Jumatano ni 3. Miezi pia inaanza na 0: Januari ni 0 na Desemba ni 11. Usituulize kwa nini.

Jambo la simu lina uzito zaidi. Mkiweka fomu ya kuagiza omena, ni vizuri ukurasa ukague kama nambari ya simu imeandikwa kamili kabla ya mteja kuituma. Nambari ya simu ya mkononi hapa Kenya ina tarakimu 10. Tumeona fomu zinazokataa nambari yoyote isiyoanza na 07. Tangu mwaka 2019 zipo nambari zinazoanza na 01, na wenye nambari hizo ni wateja pia! Tena, nambari ya simu msiipitishe kwenye Number. Ile sifuri ya mbele itapotea, 0712 itakuwa 712. Pesa ni nambari kwa sababu tunaijumlisha. Simu iacheni iwe maneno, kwa maana hakuna mtu anayejumlisha simu mbili.

Mambo ambayo JavaScript haifanyi

Ukurasa tuliouandika hapa hauweki kumbukumbu. Ukiufunga, tarakimu ulizoandika zimekwenda. Msitupe daftari. Kitabu cha mweka hazina, chenye sahihi ya anayelipa, ndicho ushahidi, na kwa wanachama wenye simu ya mulika mwizi ndicho pekee wanachoweza kuonyeshwa. Katika kikundi tulichotaja, katibu hupiga hesabu kwenye simu yake na kusoma jibu kwa sauti, kisha mweka hazina anaandika kitabuni na mkopaji anaangalia kama zinalingana.

Pili, JavaScript haifichi kitu. Maagizo yote hutumwa kwenye simu ya kila anayefungua ukurasa, na mtu yeyote mwenye kompyuta anaweza kuyasoma kwa kubonyeza Ctrl na U pamoja. Kuna kikundi kilichowekewa neno la siri kwenye ukurasa ili wanachama tu waone orodha ya wadaiwa. Neno la siri lilikuwa limeandikwa humo humo ndani ya maagizo, na majina ya wadaiwa pia. Ni kama kufunga mlango kwa kufuli na kutundika ufunguo kwenye msumari pale pale mlangoni. Orodha ya wanaodaiwa, nambari za vitambulisho, hali ya afya ya mwanachama, vyote hivyo visikanyage ukurasa wa intaneti. Tangu mwaka 2019 Kenya ina Sheria ya Kulinda Data, na hata kama isingekuwepo, mnajua wenyewe jinsi habari ya deni inavyotembea kijijini.

Tatu, kijana aliyeandika ukurasa ataenda. Atapata kazi Kisumu au Nairobi, na hilo ndilo tunalomwombea. Kabla hajaenda, maagizo yote yachapishwe kwenye karatasi na kuwekwa pamoja na katiba, na mtu mwingine mmoja ajue mahali pa kubadilisha ile 10 ikiwa kikundi kitapunguza riba. Neno la siri la mahali ukurasa ulipowekwa lijulikane na maofisa wawili. Tumeona kikundi ambacho ukurasa wake bado unatangaza bei ya njugu ya miaka mingi iliyopita, na hakuna anayejua jinsi ya kuingia.

Kwa wanaotaka kujaribu, anzeni kwenye kompyuta bila intaneti. Ukiwatumia watu faili lenyewe kwa WhatsApp, kwenye simu nyingine litafunguka lakini kitufe kitakataa. Kwa hivyo likishakuwa tayari ni heri kuliweka kwenye tovuti. Huduma kama GitHub Pages hukubali kurasa za namna hii bila malipo. Lakini kabla ya hapo, kaeni watu watatu, mmoja kwenye kompyuta, mmoja na kikokotoo, mmoja na kalamu, mfanye mikopo kumi ya zamani kutoka kwenye kitabu. Anzeni na 5000 kwa miezi miwili kwa ile njia ya kwanza. Jibu liwe 6000. Likitoka 50001000, rudini mkaangalie kama mmesahau Number.